Kumlea Teria Mchanga Hadi Awe Mbwa wa Kazi: Mwongozo kwa Wafugaji wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Mpunga na mahindi yakishaingia ndani, kuanzia Magu hadi Sengerema, panya nao huhama shambani na kuyafuata magunia. Ndipo watu hukumbuka mbwa. Katika miezi hiyo huulizwa maswali yale yale matatu: mbwa mdogo aanze kazi akiwa na umri gani, alishwe nini, na kwa nini yule aliyenunuliwa kwa ajili ya panya amemaliza vifaranga vya jirani. Nimeandika mwongozo huu ili nisiyajibu tena kwa vipande vipande njiani.

Teria ni jamii ya mbwa wadogo waliozalishwa Uingereza kwa ajili ya kuwafuata wanyama wanaojificha ardhini, na jina lenyewe lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Ninayemzungumzia hapa ni Jack Russell, aliyepewa jina la mchungaji John Russell wa Devon, ambaye akikomaa huwa na uzito wa kilo 5 hadi 7 hivi. Chotara wa mbwa huyo na mbwa wetu wa kienyeji anafaa vilevile, na kwa maoni yangu hulistahimili jua letu vizuri zaidi.

Kukamata panya kumo damuni mwake, na hata usipomfundisha atakamata. Kitakachokula miezi yako ni kumfundisha kurudi anapoitwa na kuacha anapoambiwa, na mfugaji anayeliruka hilo huishia kumfunga mbwa mnyororo maisha yake yote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Banda lililoinuliwa juu ya ardhi angalau shibiri moja, lenye paa lisilovuja, na mlango usioelekea upepo wa ziwani. Usilijenge juu ya mwamba hata kama ua wako wote ni mawe, kwa kuwa mwamba hutunza joto la mchana hadi usiku. Kama huna nafasi nyingine, weka chaga la mbao chini yake ili hewa ipite.
- Ukanda wa shingoni na kamba nyepesi ya mita 10. Kamba ya nailoni inayouzwa kwa wavuvi inafaa sana, kwa kuwa haiozi na haivuti maji.
- Filimbi. Upepo wa alasiri hapa kwetu hubeba sauti ya mtu, lakini filimbi hupenya.
- Dagaa wakavu kwa ajili ya zawadi. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, kwa sababu wale wa kuanikwa chini huwa na mchanga unaochosha tumbo la mbwa mdogo.
- Dawa ya minyoo na dawa ya kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kadi ya chanjo, na namba ya simu ya ofisa mifugo wa kata.
- Makubaliano ya nyumba nzima juu ya maneno matatu tu: “njoo”, “acha” na “kaa”. Watoto waelezwe mapema kwamba ni marufuku kumwambia mbwa “shika!” anapopita mtu njiani. Mchezo huo wa siku mbili huchukua miezi kuufuta.

Jina liwe fupi. Majina ya kumsemea jirani, kama vile Watachoka au Yana Mwisho, yana raha yake, lakini mbwa husikia vizuri jina la silabi mbili.

Hatua kwa hatua

1. Mchukue akiwa na wiki 8, si chini ya hapo. Mtoto wa mbwa aliyeondolewa kwa mama yake akiwa na wiki 5 hajajifunza kutoka kwa ndugu zake kuwa kung'ata kunauma, na wewe ndiye utakayelipia somo hilo kwa vidole vyako. Ukiweza, mwone mama yake: ikiwa anawarukia wageni bila sababu, wanawe huenda wakafanya hivyo pia. Katika uzao, muache yule anayejificha kona, na pia muache yule anayewakanyaga wenzake wote kwenye chakula, hasa kama ndiyo mara yako ya kwanza kufuga. Siku ya kumsafirisha asile saa chache kabla, kisha mpakate ndani ya boksi lenye kitambaa alicholalia na mama yake, na kitambaa hicho kiingie naye bandani.

2. Kamilisha chanjo zote. Chanjo ya pamoja, inayomkinga dhidi ya parvo, distempa na magonjwa mengine, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka atimize wiki 16. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuchanja mara moja na kuhesabu kuwa amemaliza, ilhali kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo hiyo ya kwanza isifanye kazi. Mwombe daktari wa mifugo aiongeze chanjo ya leptospirosisi, kwa kuwa mbwa huyu ataishi kwenye mikojo ya panya. Huo ndio ugonjwa ambao Watanzania wengi waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022, na unampata binadamu pia. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kwa tarehe ambayo daktari ataiandika kwenye kadi.

Dawa ya minyoo apewe kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3. Kuhusu kupe, kamwe usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya josho iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe. Mbwa wa kilo 2 hafanani na ndama wa kilo 80, na makadirio ya kifuniko cha chupa yameua watoto wa mbwa wengi kuliko kupe wenyewe walivyoua katika mtaa wangu. Kama una paka, uliza kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa za kupe za mbwa ni sumu kwa paka.

3. Mlishe mara nne kwa siku hadi miezi 3, mara tatu hadi miezi 6, kisha mara mbili. Uji mzito au ugali wa dona pekee haumtoshi, kwa kuwa anahitaji nyama au samaki katika kila mlo. Sisi wa Mwanza tuna bahati ya mapanki ya sangara, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, kwa bei nafuu, lakini yachemshe hadi nyama iachane na mifupa, kisha uchambue kwa mkono, maana mfupa wa samaki uliopikwa hupasuka kama sindano. Mfupa wa kuku uliopikwa nao usimpe. Vitunguu viwe mbali na sufuria yake, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu. Na yale mahindi yaliyoota ukungu ambayo familia imeyakataa, usidhani ni haki ya mbwa: sumukuvu huua ini lake kama inavyoua la mtu.

4. Kati ya wiki ya 8 na ya 16, mwonyeshe dunia atakayofanyia kazi. Mpeleke, ukiwa umempakata kwa sababu chanjo bado hazijakamilika, hadi karibu na mashine ya kukoboa, stendi ya bodaboda, ufuko wenye mitumbwi ya injini, na njia wanayopita ng'ombe jioni. Simama mbali kidogo, mpe dagaa, msikilize pamoja. Usimweke chini jalalani wala sokoni. Akiogopa, rudi nyuma hatua kadhaa badala ya kumlazimisha. Kazi hii ni dakika kumi kwa siku, na ikipita wiki ya 16 bila kufanyika huwa ngumu sana kuifidia.

5. Mfundishe “njoo” kabla ya jambo jingine lolote. Anza ndani ya ua uliofungwa, muda mfupi kabla ya mlo. Taja jina lake, sema “njoo” mara moja tu, chuchumaa, na akifika mpe dagaa mmoja huku umeshika ukanda wake, kisha mwachie aende tena kucheza. Huko kumwachia ndiko watu wanakokusahau. Mbwa anayeitwa kila mara ili afungwe au aingizwe ndani hujifunza kwamba “njoo” ni mwisho wa raha, na kuanzia hapo utamwita hadi sauti ikauke.

Akifikisha miezi 4, toka naye nje ya ua akiwa na kamba ya mita 10 inayoburuta. Mwite, na asipokuja usirudie neno: kanyaga kamba, mvute taratibu hadi miguuni pako, kisha mpe zawadi yake kana kwamba amekuja kwa hiari. Baadaye tanguliza mlio mmoja wa filimbi kabla ya neno. Kamba hii isivuliwe hadi aje mara ishirini mfululizo huku mbuzi wakipita mbele yake. Na hata akichelewa nusu saa, usimpige anapofika. Utakuwa umempiga kwa kosa la kuja.

6. Mfundishe “acha”, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Funga dagaa ndani ya ngumi, mwache alambe na kukwaruza, na sekunde anapouondoa uso wake sema “acha” na umpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Akilielewa hilo, hamia kwa kuku. Kaa naye kwenye kigoda, amefungwa kamba fupi, mita tano kutoka mahali kuku wanapomwagiwa pumba. Usimkemee kwa kutazama. Kila anapoondoa macho kwa kuku na kukutazama wewe, zawadi. Siku hadi siku sogeza kigoda, hadi kuku waweze kupita mbele ya pua yake naye akabaki amelala. Kwangu jambo hili huchukua wiki tatu au zaidi, na vifaranga huwa wa mwisho, kwa sababu mlio wao na mwendo wao ni kama wa panya kabisa.

Niliyajua haya kwa gharama. Mbwa wangu wa kwanza, Chuma, nilimfungia panya aliyekufa kwenye uzi akiwa na miezi 4, nikawa nakimbia naye uani watoto wakishangilia, nikidhani namfundisha kazi. Wiki iliyofuata alipenya chini ya seng'enge akaingia kwa jirani. Nilipofika alikuwa ameshalaza vifaranga 8 karibu na pipa la maji, hakuna hata kimoja alichokila, kila kimoja kimevunjwa shingo safi kama anavyovunjwa panya, naye ananitazama akisubiri kusifiwa. Mama yule hakugomba. Alinipa beseni nivizolee.

Wapo watakaokushauri umfunge mbwa kuku aliyekufa shingoni hadi kuku huyo aoze. Usifanye hivyo. Mbwa haunganishi harufu ya leo na kosa la juzi, na mateso ya namna hiyo yanakwenda kinyume na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

7. Zoeza miguu na maji kwa kiasi. Mawe yetu humkomaza mbwa nyayo, lakini kabla ya kumpandisha weka mgongo wa kiganja chako juu ya jiwe kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Asiruke kutoka juu ya miamba kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa viungo vyake bado vinakua. Ziwani aingie kwenye ufuko ulio wazi tu. Kwenye mafunjo na magugu maji hasogei, kwa sababu ya mamba, na wewe usimfuate huko kwa sababu hiyo hiyo.

8. Mwonyeshe panya baada ya meno ya kudumu kuota yote, yaani kuanzia miezi 7 hivi. Mbwa anayeumwa vibaya na panya akiwa bado na meno ya utoto anaweza kuiogopa kazi milele. Kabla ya siku hiyo, ondoa sumu ya panya ghalani na uache wiki kadhaa zipite, kwa kuwa panya aliyekula sumu hutembea nayo tumboni.

Siku ya kwanza iwe asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, kabla joto halijapanda. Funga mlango wa ghala, ziba matundu kwa matambara, na uwe na msaidizi mmoja asiyependa kelele. Mwache teria azunguke na kunusa bila kusemeshwa. Utaona kichwa kinashuka, mkia unasimama na kutetemeka kwenye ncha, na pua inarudi mara ya pili kwenye gunia lile lile. Hapo msaidizi ainue gunia hilo peke yake, taratibu, kutoka upande ulio mbali na mbwa. Panya mmoja anatosha kwa siku ya kwanza. Akimtikisa na kumwangusha, msifu kwa sauti ya chini, sema “acha”, mbadilishie kwa dagaa, na mtoke mkiwa bado mna hamu. Waanzao wengi hubomoa rundo lote kwa siku moja. Panya thelathini hukimbia kila upande, mbwa huchanganyikiwa, na mtu mmoja hukanyaga mbwa.

Panya buku asubiri hadi teria wako awe na mwaka mzima. Buku mkubwa hufika kilo moja na zaidi na jeraha lake ni la kushonwa. (Hao hao ndio wanaofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa hiyo usiwadharau akili.)

9. Kazi ya mashambani na kwenye majaruba ya mpunga ianze baada ya mwaka mmoja. Awe na kamba kwenye mashamba ya watu. Usimruhusu kuchimba kwenye vichuguu na kwenye nyufa za miamba, kwa kuwa humo ndimo swila na kifutu wanamolala. Nguchiro, kenge na pimbi awaache hata kama wanakuudhi: kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwa kenge kuna pia ule mkia wake, ambao humchapa mbwa mdogo akapiga mweleka.

10. Kila baada ya kazi, mkague. Fungua midomo utazame fizi, pitisha vidole katikati ya kucha, tazama ndani ya masikio, na osha kila jeraha kwa maji na sabuni hata likiwa dogo kama tundu la sindano. Mizoga ya panya izikwe au ichomwe, na ishikwe kwa mfuko wa plastiki, wala si kwa mkono mtupu.

Yakitokea matatizo

Ameumwa puani na sasa anawakwepa panya. Mpumzishe mwezi mzima. Ukianza tena, anza na panya mdogo, pamoja na mbwa mzima mwenye uzoefu kama unaweza kumwazima.

Anachimba ua na kubweka usiku. Mara nyingi huyu ni mbwa asiye na kazi. Saa moja ya matembezi asubuhi na dakika kumi za kutafuta dagaa waliofichwa kwenye pumba jioni humtuliza kuliko mnyororo.

Anahema kwa nguvu, ulimi umekuwa mwekundu sana, anayumba. Ni joto. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, na umtafute daktari.

Ametemewa na swila machoni. Osha macho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 bila kuyasugua, kisha umpeleke kwa daktari. Aliyeumwa na nyoka abebwe, asitembezwe. Usichanje jeraha wala usifunge kamba kwa nguvu juu yake.

Amelegea, fizi zinavuja damu au choo ni cheusi siku chache baada ya kazi. Fikiria sumu ya panya hata kama kwako haipo, kwa sababu panya wa jirani hawajui mpaka. Sumu nyingi za aina hii zina tiba, ambayo ni vitamini K, lakini lazima itolewe mapema na daktari. Nenda na pakiti ya sumu yenyewe ukiipata.

Amemng'ata mtu. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na kadi ya chanjo ya mbwa wako. Usimuue mbwa, mfungie mahali salama na umwite ofisa mifugo, kwa sababu kumchunguza akiwa hai kwa siku 10 ndiko kutakakoonyesha kama alikuwa na kichaa siku ile aliyong'ata.

Anakamata vizuri lakini anakataa kumwachia panya. Usimvutie mdomoni, kwa kuwa ukivuta atammeza mzima mbele yako, minyoo na yote. Simama, nyamaza, toa dagaa wawili badala ya mmoja, sema “acha” mara moja na usubiri. Akishamdondosha panya wake ili ale dagaa hao, mrudishe kwenye magunia haraka, kabla hajapata muda wa kujutia biashara hiyo.